Mbege Si Pombe

Mume wangu alirudi kutoka vitani na viungo vyake vyote, nikamshukuru Mungu mapema mno. Tulikaa Kariakoo, chumba cha uani nyuma ya duka la baba yake, mzee aliyeshuka kutoka Kilimanjaro zamani na kuacha huko kila kitu isipokuwa mila. Mume wangu alikuwa sajenti. Kila akipita mtaani na magwanda, mtu alimwita: "Njoo shujaa, upoze koo." Kumnunulia mwanajeshi bia siku zile kulikuwa kama kutoa sadaka, na yeye hakumnyima mtu thawabu.

Mimi niliyaona matokeo yake asubuhi. Hawezi kunyoa ndevu mpaka atoke kidogo, arudi akitafuna karafuu. Nikiuliza, anasema nimezidi umbea. Mwanzoni niligomba, nina mdomo mimi, nimezaliwa Magomeni. Baadaye nikachoka, na kuchoka kwenyewe hakukuuma. Ilikuwa ganzi, kama ya mguu uliokaliwa.

Kisha akakutwa amelewa lindoni. Mkuu wake alikuja nyumbani mwenyewe.

"Shemeji, huyu si mhuni, ni mgonjwa," aliniambia. "Ila mgonjwa wa namna hii hatuwezi kumpa bunduki."

Akanieleza kwamba watamlaza hospitali ya kambi, kwa sababu mtu aliyezoea hivyo akiacha ghafla nyumbani anaweza kushikwa na degedege hata akafa. Akitoka atapewa kazi ya stoo. Akinuka pombe mara moja tu, jeshi basi.

"Bia asiguse, gongo asiguse, tembo la mnazi asiguse."

Afande alikuwa mtu wa Pwani. Alitaja anazozijua.

Mume wangu alirudi amekonda, anakula, analala. Akaanza tena kung'arisha viatu. Nilitaka kufurahi, furaha haikuja, ila nilijikuta namwekea chakula kabla hajaingia.

Ndipo mzee akaandaa shukrani ya mwanawe kurudi salama. Ukoo mzima ulijaa uani, mbege yao ya ndizi na ulezi imeiva. Kwa mila yao mwenye nyumba huonja kwanza. Mzee akaonja, akamnyooshea mwanawe kata.

"Baba, nimekatazwa pombe."

"Nani kakupa pombe? Mbege ni chakula. Mama yako aliinywa ndiyo ukapata maziwa. Afande wako aliitaja mbege?"

"Hakuitaja."

"Baba," nikasema, "daktari alimwambia..."

"Mwanangu, haya ya ukoo."

Nikarudi nyuma, nikakaa kwenye kigoda. Wazee walikuwa wanangoja. Kuiacha kata ya baba ikining'inia mbele ya ukoo ni kuikataa baraka yake, na mtu aliyepita katikati ya mabomu aliliogopa hilo. Akanywa. Watu wakapiga vigelegele. Kata ikarudi, ikarudi tena, na jioni ile alitoka kwenda kutafuta kinywaji kikali zaidi. Jumatatu alisimama gwaride hivyo hivyo, ananuka.

Mzee alifunga duka mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata kwa msiba, akaenda kambini kujieleza: nimempa mimi, tena chakula. Afande alimwamkia, akampa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho. Uamuzi wa kumwachisha jeshi haukubadilika.

Sare zilitakiwa kurudishwa safi. Sabuni ilikuwa ya kupanga foleni, nikatumia kipande tulichobakiwa nacho. Nikazifua, nikazipiga pasi ya mkaa, nikazikunja. Nilijua nimepoteza kitu kikubwa. Nikangoja nilie, sikulia.

Jioni mzee alikuja kumpa pole mwanawe. Macho yalikuwa mekundu. Alikuwa amelia kweli, yeye. Alimshika bega. Kisha akatoa kibuyu chini ya koti.

"Kunywa kidogo, baba, upate nguvu."

Mume wangu hakunitazama. Mimi nikainuka kwenye kigoda, nikampisha mzee akae.