Mpira Niliouacha Upite

Jumamosi ya kwanza ya Mfungo Nne, yaani mwezi wa Muharram, nikiwa katika mwaka wangu wa pili kwenye karakana ya reli hapa Mombasa, timu yetu ya mpira wa magongo ilipoteza mlinda lango wake. Hakufa. Alihamishwa bara, akapanda gari la moshi la asubuhi pamoja na vikinga vyake vya miguu, na jioni ile tulikuwa na mechi.

Mimi nilikuwa fundi wa viti vya mabehewa. Kazi yangu ilikuwa kujaza usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, ndani ya turubali, kisha kushona kwa shazia, ile sindano nene ya magodoro. Sikuwa nimeshika gongo maishani. Saa sita Mkuu wa Karakana, Mwingereza, aliingia bandani akanikuta nimekaa kati ya marundo ya usumba.

"Wewe fundi magodoro?"

"Ndiyo, bwana."

"Mpira kupiga godoro, godoro hapana lia. Leo wewe lango."

Nikajifunga miguuni vipande viwili vya kiti cha daraja la pili, nikaenda kusimama. Tulifungwa mabao saba. La tatu lilinipita katikati ya miguu nikiwa nimefumba macho. Watazamaji hawakuninyamazia. "Fundi!" mmoja alipaza sauti. "Tandika na shuka kabisa, ulale!"

Aliyenifunza kazi ya lango ni nahodha wetu, Karani Mkuu wa stoo, Mgoa mfupi wa Bara Hindi aliyekuja Mombasa kijana akazungumza Kiswahili kama sisi. Nyinyi mnaocheza mpira wa miguu huenda hamjui magongo, basi nieleze kidogo. Gongo lina uso mmoja bapa, na ni marufuku kupiga kwa mgongo wake. Mlinda lango peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kuupiga mpira teke, tena akiwa ndani ya duara. Kwa kweli ni nusu duara, lililochorwa kwa chokaa mbele ya lango. Na bao halihesabiwi ila mpira uwe umeguswa na gongo la mshambuliaji ndani ya duara hilo. Ukipigwa kutoka nje ukaingia moja kwa moja, si bao.

"Wa nje uache," Karani Mkuu alikuwa akiniambia. "Ukiuzuia utamdondokea mtu wao, naye atafunga. Utazame tu ukipita, kama mgeni wa jirani."

"Nami nitajuaje kama haukuguswa njiani?"

"Kwa masikio. Uwanja huu vumbi tupu, macho yatakudanganya. Gongo likigusa mpira, hata kidogo tu, utalisikia."

Kujifunza kusimama kulinichukua miezi. Kujifunza kusikia kulinichukua miaka miwili.

Vikinga vyangu vya usumba vilikuwa vizito. Mvua za vuli zikinyesha vilinyonya maji, nikawa kama mtu aliyefungwa mawe. Mke wangu Mwanakhamisi ndiye aliyepata dawa. "Ndoo hapa nikupime," alisema. "Usumba ni wa viti. Miguu yataka sufi." Akashona turubali kwa mistari ya kusimama, kila mstari na sufi yake, ile pamba nyepesi ya mti wa msufi, ili isiporomoke chini. Kila mwaka alivifumua, akaianika sufi uani, akaichambua, akashona upya. Hakuja uwanjani hata mara moja, maana wanawake wa nyumba yetu ya Kibokoni hawakwenda mahali kama pale. Lakini alikuwa akivipapasa vile vikinga nirudipo, akaisoma mechi nzima.

"Leo wamekupiga mguu wa kushoto tu," angesema. "Wamejua ndio mzito." Na ilikuwa kweli.

Kila mwaka mabaharia wa manowari walicheza nasi. Walikuwa wametushinda miaka miwili mfululizo alipokuja Mkuu wa Karakana wa pili, mtu wa nidhamu, asiyependa kuona kazi imelala. Desturi yetu ilikuwa kuachiwa saa sita kila Jumamosi tukacheze. Akatukusanya.

"Mkishinda au mkitoka sare, nusu siku ni yenu. Mkishindwa tena, mtafanya kazi Jumamosi mpaka saa kumi na moja."

Mechi ile ilifika dakika za mwisho ikiwa bao moja kwa moja. Mtu wao mmoja akaupiga mpira kwa nguvu kutoka nje ya duara. Niliiona chokaa wazi mbele ya miguu yake. Nikainua gongo langu nikauacha upite. Ulipompita mshambuliaji wao mrefu, aliyesimama hatua mbili kutoka kwangu, nikasikia mlio mdogo, kama shazia inapogonga subana, kile kikofia cha chuma cha kidole. Mpira ukaingia wavuni.

Mabaharia wakashangilia. Wetu wakapiga kelele kwamba ulipigwa kutoka nje ya duara. Mwamuzi, kasisi wa manowari ileile, alikuwa mbali na vumbi lilimzuia. Akaja mpaka langoni na kuniuliza kwa Kiingereza. Karani Mkuu akasimama kati yetu.

"Fundi, anauliza kama gongo lao liliugusa ndani ya duara. Sema wewe. Nitamwambia hivyohivyo utakavyosema."

Nyuma yake niliwaona wenzangu wote. Mhunzi wetu, Kalasinga tuliyemwita Sardar, alikuwa akinitikisia kichwa niseme hapana.

"Uliguswa," nikasema. "Nilisikia."

Karani Mkuu akamgeukia kasisi, akatafsiri. Tukashindwa mbili kwa moja.

Tukitoka uwanjani Sardar alinifuata. "Masikio hayo, Fundi, nitayatia motoni niyanyooshe." Hakucheka, na wengine hawakusema nami kabisa.

Mwanakhamisi alinikuta nimekaa kwenye baraza ya ndani, vikinga vingali miguuni. Alikuwa amejitanda leso yake ya kisutu, ile niliyomletea tulipooana. Nikamweleza yote.

"Ulisikia ama hukusikia?"

"Nilisikia."

"Haya, nawa ule." Kisha akanyoosha mkono. "Na hivyo lete, nivishone."

"Vya nini? Jumamosi hakuna tena."

"Wataka kurudi langoni ama hutaki?"

"Nataka."

"Basi lete."

Sitasema sikujuta. Kila Jumamosi alasiri, nikijaza usumba, nilijuta. Karani Mkuu ndiye aliyekuja kwanza bandani. "Ningekuwa mimi pengine ningesema sikusikia," aliniambia. "Jumapili saa kumi tunafanya mazoezi. Usichelewe." Jumapili ya tatu Sardar akaniletea bizimu nne alizozifua mwenyewe, za kufungia vikinga. "Kamba zako aibu," akasema, akaenda zake. Mkuu wa Karakana wa tatu, aliyependa magongo kuliko chai, aliturudishia nusu siku bila kuombwa.

Nililinda lango mpaka vita vilipoanza na uwanja ukajazwa mataruma, yale magogo ya kulazia reli. Magoti yangu yalishukuru. Karani Mkuu alirudi kwao Goa, Sardar akaenda bara, nami nikaendelea na viti mpaka nikastaafu. Sina la kulalamikia. Nimefungwa mabao mengi, na nimezuia mengi zaidi, na nimelala usingizi wangu.

Mwanakhamisi alifariki mwaka huu. Arubaini yake ilipopita nilivitoa vikinga sandukuni, nikataka kutoa sufi nijaze mto, maana ilikuwa ingali laini. Nikaanza kufumua cha kushoto. Chini ya turubali nikakuta kitambaa kilichokunjwa mara mbili, kimeshonwa mahali pale mpira ulipozoea kunipiga. Nikakivuta kidogo nione rangi. Kilikuwa kipande cha leso ya kisutu. Wiki chache baada ya mechi ile ya mabaharia nilimuuliza ile leso iko wapi, akaniambia imechakaa.

Nikatia uzi kwenye shazia, nikakirudisha kilipokuwa, nikashona mstari uleule aliokuwa ameshona. Cha kulia sikukifungua.