Ratiba ya Maji

Nilipokuwa likizo kutoka chuo kikuu, niliamua kurekebisha zamu za maji ya mfereji wetu, huko mlimani juu ya Moshi. Wazee walikuwa wakigawana maji kwa kutazama kivuli na kuitana kwa sauti migombani. Mimi niliona aibu. Nikaandika ratiba ya saa, nikaipiga chapa kwa mashine ya kuazima, nikampa kila mwenye shamba nakala. Mama hakujua kusoma, kwa hiyo nilimwambia kwa mdomo: saa mbili hadi saa tano asubuhi.

Asubuhi tatu mfululizo Mama alisimama na jembe kando ya mfereji mkavu. Ulezi wetu ulianza kujikunja majani, na ndio uliotegemewa kwa pombe ya mbege ya harusi ya dada yangu.

"Ni huyo wa juu," Mama alisema. Alimaanisha jirani yetu, katekista mstaafu. "Siku hizi anasalimia kwa upole mno. Kuna kitu."

Nami nilianza kuuogopa upole ule. Asubuhi ya nne nikajibanza nyuma ya mgomba wake, suruali ya chuo ikilowa umande. Nikamwona akiielekeza mitaro yote kwenye kahawa yake, taratibu, tena akiimba wimbo wa kanisani. Unafiki mtupu, nikasema moyoni.

"Toka huko, msomi," akasema bila kugeuka. "Mgomba hauvai viatu."

Nikatoka. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unanilinda nisiibiwe?"

"Baba, hii ni zamu ya Mama."

Akatoa ratiba yangu mfukoni, imekunjwa kwa heshima kama cheti cha ubatizo. "Nisomee."

"Wewe, mbili hadi tano. Mama, nane hadi..." Hapo ndipo nikaliona kosa.

Nilikuwa nimeandika saa za Kizungu, kama tulivyozoeshwa chuoni. Mbili yangu ilikuwa ya mchana, na nane yangu ya asubuhi. Mbili yake ilikuwa saa mbili asubuhi, kama ya kila mtu mwenye akili zake mlimani. Na kila mchana, saa nane yake, alituachia maji, yakapita mbele ya shamba letu huku sisi tuko ndani tukimsengenya.

"Basi mwizi ni nani?" akauliza.

Nilipomweleza Mama, alichukua kisu. Alikata jani la isale kwenye mpaka wa shamba, lile ambalo kwetu mtu akija nalo kuomba radhi hakataliwi, akanitia mkononi. "Peleka. Na usimpe karatasi nyingine."

Mzee alilipokea kwa mikono miwili. Kisha akafunga mitaro yake, akaweka viganja mdomoni, akaita kuelekea chini:

"Mama Msomiii! Yanashuka!"

Tukasubiri. Hatimaye sauti ya Mama ikapanda kutoka migombani:

"Yamefika!"