Kisima cha Kiangazi

Nilitoka Blacktown kwa treni, nikabadilisha mjini, nikapanda tramu hadi chuoni Kensington, yote hiyo kwa ajili ya karatasi moja tu: ramani ya bonde letu, iliyochorwa enzi za mkoloni. Nani angedhani! Bonde lile kavu huko kwetu, la ng'ombe na upepo, limelala kwenye droo Sydney, na mimi niliyezaliwa humo nina miaka sijalikanyaga.

Nilikuwa nakitafuta kisima cha kiangazi. Kwetu hakuna anayeelekezwa kisima hicho kwa mdomo. Mvua zikikataa, baba anakupeleka mwenyewe, kwa miguu, na ukishapelekwa basi, umekijua. Kaka zangu walipelekwa. Mimi nilikuwa shule ya bweni, kisha nikaja huku. Sasa Baba amezeeka, miguu imemgomea, na niliogopa ataondoka kabla hajanionyesha.

Mara nikaiona alama ya kisima, kando ya kilima chetu! Chumba cha ramani nilikuwa peke yangu. Nikampigia Baba simu hapohapo.

"Shikamoo, Baba. Nimekiona kisima cha kiangazi kwenye ramani ya Wazungu."

"Marahaba. Kiko wapi?"

"Kaskazini ya kilima."

Akacheka mpaka akakohoa. "Hicho cha chumvi! Wapima ardhi walipokuja, babu yako ndiye aliyewapeleka. Ulidhani angewaonyesha chetu? Pale hata mbuzi hawanywi."

Nikakasirika, sijui kwa nini. "Basi na mimi ni mpima ardhi," nikamwambia. "Najua hicho cha chumvi tu."

Akaacha kucheka.

"Weka kidole kileleni," akasema. "Umeweka? Haya, shuka jua linakozama. Taratibu, mama, pana mawe. Ukifika korongoni, vuka."

Nikashuka. Kidole kikapita mistari ya miinuko, kikavuka korongo, kikaingia mahali peupe pasipo jina wala alama.

"Hapa hakuna kitu, Baba."

"Ndipo hapo. Umefika, mwanangu. Kunywa."

Jamani, nililia, mtu mzima na akili zangu, kidole bado kiko pale pale. Sikutaka kukiondoa.

"Unalia nini tena?" akauliza.

"Kiu, Baba."