Anayepima safari ya ndege kwa sufuria ya ndizi

Saa tatu asubuhi, simu ya Fabiani Ngeleja inaita. Anasikiliza, kisha anapaza sauti kuelekea jikoni: "Mama Zita, wameruka Biharamulo! Bandika!"

Mkewe, Deodata, anabandika sufuria kwenye mafiga.

Ndivyo wanavyofanya kazi. Fabiani, Msukuma aliyehamia Ngara kutoka Shinyanga, analinda kiwanja cha ndege cha vumbi ambacho siku nyingine zote ni malisho. Kwa basi kutoka Biharamulo kupitia Nyakanazi, safari ni ndefu kiasi kwamba wapo waliopanda na mtoto mgongoni wakashuka naye ana ndevu. Kwa ndege ndogo ni kama dakika ishirini, yaani muda wa ndizi kuiva.

"Ukiwafukuza ng'ombe mapema, wanarudi," anasema Fabiani. "Ukichelewa, rubani anakutukana kutoka mawinguni. Mimi harufu ya ndizi ikinifikia, nachukua fimbo."

Na saa ya kwenye simu?

"Hiyo haijawahi kunishibisha."

Leo ndege inamleta daktari wa macho, na anayemsubiri kuliko wote ni Deodata mwenyewe. Mtoto wa jicho amemzibia macho yote mawili. Ni mwaka wa nne anapika kwa kupapasa. Daktari akishindwa kutua ataendelea na ziara yake wilaya nyingine, na kurudi kwake ni mwakani.

Fabiani anangoja harufu. Haiji. Kinachokuja ni muungurumo.

"Mama Zita! Ndizi vipi?"

"Ndizi bado sijaweka! Nimetanguliza nyama. Daktari ale ndizi tupu kama mfungwa?"

Ndege inapita chini chini juu ya kundi zima la ng'ombe, haitui, inapanda tena. Kwandu, mwenye ng'ombe, anakuja mbio na kanga mkononi.

"Shikamoo mzee! Leo mwambie rubani asubiri mchuzi!"

"Marahaba. Cheka huku unafukuza!"

Wanafukuza, wapi! Dume lililotangulia, lenye pembe ambazo ukoo mzima ungeanikia nguo, linawatazama tu. Ndege inazunguka mara ya pili.

Fabiani anaingia jikoni, anatoka na kopo la chumvi. Anakimbia hadi pembeni mwa kiwanja, anaimwaga juu ya mawe huku akiwaita ng'ombe kwa Kisukuma. Dume linageuza shingo. Linakwenda, na wengine wote nyuma yake kama waumini wanaotoka kanisani.

Matairi yanagusa vumbi.

Mchana, daktari anamaliza sahani mbili na kuuliza kwa upole kama kuna chumvi. "Ipo," anajibiwa na Fabiani, "ila imeshaliwa na ng'ombe."

Nje ya kituo cha afya, Deodata amekaa kwenye benchi, dawa ya matone imeshatiwa machoni. Kati yake na mlango hakuna mwingine; zamu inayofuata ni yake. Akipona atakwenda Biharamulo kwa binti yake Zita, na rubani amekwisha kumwahidi kiti.

"Nimemshukuru, nikakataa," anasema. "Dakika ishirini nitaona nini? Mimi nitapanda basi, nikae dirishani. Nataka mgomba mmoja mmoja, mbuzi mmoja mmoja, na wale wauza mahindi wa Nyakanazi niwaone nyuso. Na dereva akikimbia, nitamgombeza."

Mlango unafunguliwa. Linaitwa jina lake.