Nilijificha Ndani ya Basi la Watalii, Wakwe Wakinisubiri Matangani

Nimekosa, ndugu zangu, na sitazunguka. Nimemkosea mke wangu, nimemkosea marehemu mama yake, nimeukosea ukoo wangu mzima, na hakuna aliyenisukuma. Nawaandikia nyinyi msionijua kwa sababu wanaonijua wamechoka kunisikiliza.

Mimi ni mtu wa Mvara, hapa Arua. Nauza mabati na magodoro katika duka la mtu. Nina ugonjwa mmoja tangu utotoni: siwezi kutulia. Nikikaa mahali kidogo tu miguu inawasha. Kanisani nahama benchi. Msibani ndiyo usiseme! Kukaa chini, kuimba, kulia, kunyamaza, kuanza tena... Najiona kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi.

Mama mkwe wangu alifariki kwao Lobule, upande wa Koboko. Mazishi nilifika, lakini nilirudi Arua jioni ileile nikisingizia kazi. Mke wangu, nitamwita Adiru ingawa si jina lake, alibaki kule na mtoto wetu Joel.

Sasa, kwetu mazishi si mwisho. Baadaye kuna siku ya wakwe. Mume wa binti anafika na ukoo wake, na mbuzi, wakiimba na kucheza kuanzia barabarani mpaka kaburini, ili kijiji chote kione kwamba binti yao ameolewa na watu. Wakwe wasipofika, matanga hayafungwi. Na mume mwenyewe asipokuwepo ukoo hauendi, maana utaongozwa na nani?

Siku ikapangwa, Jumamosi. Baba mdogo akatafuta mbuzi na lori la kutubeba. Adiru alikuwa ananipigia simu kila jioni.

"Baba Joel, hapa watu nauliza sana, wakwe iko wapi. Usiniletee haya."

"Tutakuja, mama. Tulia."

Eti namwambia yeye atulie!

Ndipo bosi wangu akaja na habari yake. Kuna safari ya siku moja, basi kubwa la viti laini, kiongozi mwenye kipaza sauti, mnazunguka vilima vya huku kwetu hadi mlima Liru, na chakula juu. Nafasi moja imebaki, atanilipia yeye. Lini? Jumamosi hiyohiyo!

Jamani, moyo uliruka. Vilima hivyo nimevipita miaka yote nikiwa juu ya mabati, vumbi machoni. Nikajisemea, marehemu amekwisha kufa, wiki moja itamdhuru nini? Shetani hanihitaji, naweza kazi yake peke yangu.

Nikamwendea baba mdogo nikamwambia ukweni wamesogeza siku.

"Nani anasema hivyo?"

"Adiru mwenyewe."

Mzee akakubali. Nilitumia jina la mke wangu kama muhuri!

Kwa Adiru nilipanga uongo mwingine. Ningempigia Jumamosi asubuhi nimwambie lori limeharibika. Asubuhi ikafika, nikapiga. Simu yake imezimwa. Kijijini kwao umeme ni ule wa sola ya jirani, na jua lilikuwa limefichwa na mawingu tangu juzi yake. Nikapiga tena. Nikapanda basi huku napiga.

Safari ilikuwa nzuri, sikatai. Tulipita Maracha asubuhi ukungu ukiwa bado umelala mabondeni, miamba myeusi inang'aa kwa mvua, nyumba za nyasi juu ya vilima, moshi wa jikoni unapanda. Kiongozi wetu, kijana mmoja mchangamfu anaitwa Drani, alikuwa anaeleza kila jiwe. Wageni wa Kampala walipiga picha mpaka punda. Mimi niliona nini? Nilikuwa natazama simu. Nakaa, nasimama, nafungua dirisha, nalifunga.

"We, iko na mchwa kwa kiti?" akaniuliza Mama Sunday, mhasibu wa dukani kwetu, niliyekaa naye. Watu wakacheka. Nikacheka nao, jasho linanitoka.

Tulipofika Koboko, Drani akashika kipaza sauti. "Mabibi na mabwana, barabara ya Liru imekatwa na maji. Lakini msijali! Tutazunguka kwa Lobule. Huko milima ya Kongo unaiona kama iko mkononi."

Basi lote likapiga makofi. Lobule, kwenye matanga yenyewe!

Nilienda mbele kwa dereva. Nikamwambia njia hiyo ni mbaya, tutakwama. Akaniambia yeye ni mzaliwa wa huko. Nikasema naumwa, nishushwe. Drani akanipa maji na kipande cha tangawizi, akanirudisha kitini kwa upole kama mgonjwa kweli.

Na hapo Drani akaanzisha wimbo! Wa kwetu, wa kucheza, ili awafundishe wageni. Watu wakaimba kwa nguvu, wengine wanagonga viti. Dereva naye kila kona anapiga honi. Najua mnaona ninakoelekea, maana hata mimi niliona, nikabaki nimeshika kiti cha mbele kwa mikono miwili.

Watu wa matangani walisikia gari kubwa. Walisikia honi. Walisikia wimbo wa kwetu. Wangedhani nini kingine?

Walitoka mbio wameshika matawi. Wanawake wanapiga vigelegele, wazee wamesimama, watoto wanaruka. Na mbele yao wote, amejifunga kitambaa kiunoni, anacheza machozi yakimtiririka, ni Adiru.

"Imekuja! Watu yangu imekuja! Si niliwaambia?"

Basi likasimama. Barabara ilikuwa imejaa. Na hao wenzangu wakadhani ni mapokezi yamo ndani ya safari! Simu juu, picha, picha. Bibi mmoja wa Kampala akateremka na kofia yake kubwa akaanza kucheza na mke wangu, na mke wangu akamkumbatia, akidhani ni shangazi yangu asiyemjua.

Mimi nilivuta pazia. Ndiyo! Nilivuta pazia, nikashusha kofia mpaka puani.

Shemeji yangu mkubwa akaja mlangoni, anatabasamu. "Karibuni, karibuni sana. Mukwe wetu iko wapi? Atoke mbele."

"Mkwe gani, mzee?" Drani akauliza. "Sisi ni watalii."

Nje wimbo ukafa kidogo kidogo, kuanzia mbele kwenda nyuma.

"Hakuna mutu ya Mvara hapa?" shemeji akauliza tena. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

Mama Sunday akanigeukia. Anaijua ndoa yangu, alikula pilau yake. Nikamtikisia kichwa: nyamaza. Akanyamaza, lakini akasogeza mkoba wake usiguse mguu wangu.

Mlango wa basi ulikuwa wazi, jamani. Ningeshuka! Ningeanguka miguuni pao bila mbuzi, bila ukoo, nikapigwa hata viboko, leo ningekuwa mtu. Nilikaa. Mimi nisiyeweza kukaa popote, siku hiyo nilikaa!

Dereva akaanza kugeuza. Basi likayumba kwenye shimo, pazia likateleza, na Adiru alikuwa hapo chini ya dirisha langu. Tukatazamana kioo kikiwa katikati yetu. Hakupiga kelele. Alishusha tawi lake chini. Nikamsikia akiwaambia ndugu zake, "Twende nyumbani. Hii si watu yangu."

Njia ya mwongo ni fupi. Jumatatu baba mdogo alikuwa amekwisha jua. Alinitemea mate miguuni, lakini akakusanya ukoo, maana aibu ilikuwa ya wote. Tukaenda Lobule na mbuzi, tukiimba. Hakuna aliyetoka. Tuliimba mpaka mlangoni kama vichaa. Uwanja ulikuwa umefagiwa, wageni wameondoka. Wazee wa kule walikuwa wamefunga matanga bila sisi, jambo ambalo baba mdogo alisema hajaliona maishani mwake.

Adiru alitoka na Joel mgongoni. "Siku ile niliwaambia watu kwamba gari yenu iliharibika," akasema. "Nilikudanganyia. Sasa sina uongo ingine."

Hajarudi. Nikilala nageuka huku na huku, kitanda kimekuwa kikubwa mno. Jirani wakiitana kwenda msibani, mimi hawaniiti.

Wewe unayesoma haya, ukiitwa ukweni, nenda! Hata kama huna kitu, hata kama miguu inawasha, nenda ukakae chini na watu wako. Vilima vipo tu, vitakusubiri. Mimi siku ile tuliyokwenda na mbuzi nilipiga magoti nikamwomba shemeji anipangie siku nyingine ya kumlilia mama. Alinitazama sana, kisha akaninyanyua kwa mkono, bila hasira.

"Siku ingine natoa wapi?" akasema. "Mama yetu amekufa mara moja tu."