Niliweka picha ya marehemu mama kwenye profile ya kutafutia field, nikaamkiwa shikamoo

Wakuu, nawasalimu kila mmoja kwa nafasi yake.

Haya yamenikuta mwenyewe na sijayatia chumvi. Sina usomi mwingi. Form four niliimaliza kwa kuungaunga, sasa nasoma diploma ya kilimo hapa Morogoro, nimepanga chumba Mafiga. Naitwa Tumaini, ni mwanaume.

Chuoni tuliambiwa kila mtu ajitafutie sehemu ya field, yale mafunzo ya vitendo. Asiyeleta barua ya kukubaliwa hadi mwisho wa mwezi, anasubiri mwaka ujao. Mwalimu akasema tufungue profile kwenye ule mtandao wa watu wa kazi, mabosi wako huko.

Nilifungua siku niliyorudi kutoka nyumbani Mgeta kumzika mama.

Sehemu ya picha nikaweka ya mama, amevaa kitenge chake cha kanisani, mshumaa pembeni. Sikuwaza mara mbili. Kwetu ukifiwa, simu yote inakuwa ya marehemu mpaka arobaini ipite. Chini ya jina kuna pa kujieleza kwa kifupi, nikaandika "Pumzika mama, tutaonana."

Kwenye experience niliandika ukweli. Kulima kabichi na njegere kwenye matuta ya mlimani, tangu utoto. Kumuuguza mama, miezi minane.

Nikatuma maombi kila nilipoona neno kilimo. Kimya.

Wiki ya pili ikaingia meseji ya mama mmoja, msimamizi wa shamba la mpunga kule Dakawa. Aliacha na namba.

"Shikamoo mama. Nimependa uzoefu wako. Tunatafuta mtu mzima kama wewe azungumze na akina mama wetu wa hapa shambani kuhusu bustani za mboga. Unapatikana?"

Wakuu, nilikaa na simu mkononi sijui nifanye nini. Nikijibu marahaba, nimeitikia salamu ya marehemu. Nikinyamaza, labda ndiyo nafasi pekee imepita.

Nikaenda Mazimbu kwa binamu yangu Neema, yeye yuko chuo kikuu. Alipoiona profile akashika kichwa.

"Tumaini! Hapa unatafuta field au unatangaza msiba?"

"Vyote."

"Haya. Wenzako watapata barua, wewe utabaki na mshumaa."

Akanisimamisha ukutani na shati jeupe la kuazima, akapiga picha. Pale kwenye maelezo akaandika "Mwanafunzi wa diploma ya kilimo, mboga za milimani." Imekaa vizuri, sikatai. Ila alipotaka kuiondoa ile ya mama nilitoka nje kwanza. Najua ni picha tu, ninazo nyingine. Nilitoka hivyohivyo.

Niliporudi alikuwa amefika kwenye ile miezi minane.

"Kuuguza siyo experience, kaka. Nafuta."

"Ni nini basi?"

Akashusha ukurasa chini. Na hakufuta.

Nikampigia yule mama wa Dakawa.

"Shikamoo mama. Mimi ndiye Tumaini. Yule uliyemwona kwenye picha ni mama yangu, ametangulia."

"Marahaba. Pole sana, mwanangu. Sasa yale ya kabichi ni yako au yake?"

"Tulilima wote. Sijui lipi lake, lipi langu."

"Na kuuguza?"

"Hiyo yangu peke yangu."

"Njoo Jumatatu na barua ya chuo."

Leo nina wiki ya tatu hapa Dakawa. Barua ya kukubaliwa niliipeleka chuoni siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi.

Nilichojifunza, hasa kwa wanafunzi wenzangu: weka sura yako mwenyewe na uandike unachosomea, mtu ajue anaongea na nani. Hapo Neema alikuwa sahihi kabisa. Na kazi uliyoifanya kweli iandike, hata kama haina cheti.

Ila bado sielewi nilichukuliwa kwa lipi. Kabichi? Kuuguza? Au nilionewa huruma tu? Yule mama kila asubuhi ananipa kazi na hasemi zaidi ya hapo, nami kumuuliza naogopa.

Mlio waajiri humu, ingekuwa ninyi mngenichukua kwa lipi? Semeni wazi, hata la kuuma nitalisoma.