Njano Isiyotoka kwa Sabuni

Mimi ni mbishi, na sijawahi kulificha hilo. Baba alipoanza kujikuna, nilikuwa wa kwanza kutoa hukumu: "Salfa hiyo, baba. Kaoge."

Kwetu Mpapura, msimu wa kupulizia mikorosho, kila mwanaume alikuwa wa njano. Alfajiri, umande ungali kwenye majani, baba alibeba bomba mgongoni, na ule unga wa salfa, dawa ya ukungu wa mikorosho, ukamrudia usoni, kwenye nyusi hadi masikioni. Macho yaliwasha, ngozi iliwasha, watu wakaoga wakacheka. Nani angemshangaa mtu wa njano mwezi wa saba? Mama alimsugua mgongo kwa dodoki, mimi nikamnawisha macho huku nikimgombeza kwa kupulizia upepo ukimjia usoni.

Kazi ya kupulizia ikaisha. Baba akabaki njano. Akasema mkojo wake umekuwa mweusi kama chai ya rangi, nikamwambia anywe maji. Loo, ujuaji wangu! Ulitugharimu mwezi mzima, na shati lake likazidi kumpwaya.

Mdogo wangu wa kiume ndiye aliyenifumbua macho. "Dada, salfa inatoka kwa sabuni. Hii mbona haitoki?"

Nilimjibu ovyo, lakini kesho yake tulikuwa hospitali mjini, na baadaye Dar. Daktari, mama mpole, alitueleza bila kuzungukazunguka. Baba alikuwa na saratani kwenye mirija ya nyongo. Nyongo ilikosa pa kupita ikarudi kwenye damu, ndiyo ile njano, ndiyo ule muwasho. Tena walimkuta na virusi vya homa ya ini, ambavyo pengine alikaa navyo miaka mingi bila kujua.

"Si kila mwenye virusi hivi hupata saratani hii," alisema, "lakini vinaongeza hatari. Ninyi watoto mpimwe."

Nikamuuliza: je, kama tungemleta mapema? Hakunidanganya. "Huenda tungekuwa na la kufanya zaidi."

Nililia pale koridoni bila kumwonea mtu haya. Baba akanishika mkono. "Mwanangu, hata mimi nilijua ni salfa." Alitutoka kabla korosho hazijaanza kuanguka, Mungu amrehemu.

Tulipima. Mimi sikuwa navyo, nikachomwa chanjo. Mdogo wangu alikuwa navyo. Daktari akamtaka arudi kuangaliwa kila baada ya miezi sita, naye akaanza vituko: shamba halina mtu, mbona haumwi popote.

"Hata baba hakuumwa popote!" nilimfokea mbele ya mkewe. "Panda gari."

Akapanda, na hajawahi kukosa. Ubishi wangu umepata kazi ya maana, na katika kazi hiyo simwogopi mtu. Jirani akijikuna wiki mbili ingawa anaoga, au macho yakibaki njano, namfuata mpaka kwake. Wananiita daktari wa mikorosho. Waniite tu.

Msimu uliofuata mdogo wangu alirudi toka shambani, njano tupu, anacheka. Mimi sikucheka. Nilimpa ndoo na sabuni, nikasimama pale pale. Alipomaliza nikamvuta juani, nikamshusha kope la chini kwa kidole, jicho moja, kisha la pili.

"Dada, vipi?"

Yalikuwa meupe. Nikamwambia anawe tena.